Nilimpaka hina binti asiyekuwa na harusi, ili mikono yake isishike vape

Wakuu, assalaam alaykum, na habari za mchana kwa nyote.

Mie humu ni msomaji wa kimya kimya. Miaka nnasoma nyuzi zenu, nnacheka peke yangu, nnalia peke yangu, sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Leo nimeamua.

Hili limenitokea mwenyewe, ndani ya chumba changu. Nilichobadilisha ni majina tu. Kisiwa chetu kidogo hiki, ukipiga chafya Mkunazini, Mbweni wanakuombea dua.

Kazi yangu ni kupaka hina. Nnapaka mabibi harusi, nnapaka watu wakati wa sikukuu, na mara nyingine mahoteli ya Paje na Nungwi wananiita niwapake wageni. Nnaishi Mji Mkongwe, upande wa Sokomuhogo. Chumba cha chini ndicho nnachopokelea wateja, juu nnalala.

Nilikuwa nnaishi na mama, akafariki. Mume nilikuwa naye, akaenda Muscat kutafuta maisha, na talaka yangu ikaja kwa simu. Watoto Mungu hakunijaalia.

Sisemi haya mnionee huruma. Nnasema kwa sababu huko mbele mtayahitaji.

Sasa stori yenyewe.

Siku hiyo walikuja wasichana kundi zima, mwenzao anaolewa. Bibi harusi nshampaka jana yake, hawa walikuwa ni wa kumsindikiza. Kelele, vicheko, simu zinapiga picha. Nikawapaka mmoja mmoja, aliyekauka anaondoka.

Wa mwisho alikuwa binti mmoja mwembamba, ana miwani. Nitamwita Ilham. Alikuwa mwaka wa pili chuo, anasomea mambo ya utalii na hoteli. Akataka mikono yote miwili, mbele na nyuma. Nilipofika mkono wa pili wenzake wakachoka kumsubiri, wakamuaga wakatangulia.

Tukabaki wawili.

Nilipomaliza nikamwekea mto mapajani, akalaza mikono juu yake, vidole vimetanuka. Kwa wanaume msiojua, hina mbichi ni kama tope laini. Ukigusa chochote imeharibika. Unakaa hivyo hivyo mpaka ikauke, hata pua ikikuwasha unamuita mtu akukune.

Baada ya muda nikaona miguu yake haitulii. Anaipigisha pigisha sakafuni. Jasho limemtoka juu ya mdomo na feni inakwenda. Macho yote kwenye mkoba wake.

"Da Ruki," akaniita.

"Naam."

"Nisaidie dawa yangu. Imo kwenye mkoba, mfuko wa pembeni."

Nikatia mkono nikatoa kidude cha rangi ya waridi, unene wa kalamu ya kukolezea maandishi.

"Ya pumu?"

"Ya kifua," akasema, huku anatazama chini.

Nikamshikia mdomoni. Akavuta. Akatoa mvuke mzito, chumba kizima kikanuka embe. Na mie, wakuu msinicheke, nikamwambia, "Allah akuponye mwanangu."

Baada ya kitambo akaomba tena. Nikamshikia tena. Mara ya tatu nilikuwa nimevaa miwani yangu ya kazi, nikaona maandishi madogo ubavuni. Kiingereza changu ni cha kuongea na watalii, lakini neno nikotini nnalijua.

"Ilham. Hii sigara?"

Akautazama mlango. "Si sigara. Vape."

"Ina nikotini hii."

Hapo machozi yakaanza kumtoka, na hawezi kuyafuta, mikono haigusiki. Yakawa yanateremka tu mpaka kidevuni. Nikachukua ncha ya kanga yangu nikamfuta, na miwani yake nikaifuta, nikamrudishia usoni.

"Usimwambie mamkubwa," akasema. "Tafadhali Da Ruki. Usimwambie."

Mamkubwa wake nilikuwa nnamjua kwa sura. Bi Salma, wa Mbweni, mwanamke wa heshima zake, anasomesha watoto madrasa nyumbani kwake. Ilham alikuwa anaishi kwake. Mama mzazi anafanya kazi Muscat, baba kaoa tena yuko Pemba na watoto wengine. Yeye kabaki katikati, mgeni kwa kila mmoja.

Nikamwambia sitosema. Sikujua nnajifunga kwenye nini.

Zikapita kama wiki mbili. Alasiri moja nimekaa nnakamua hina kwenye koni zangu, mlango ukabishwa. Ilham, peke yake.

"Nipake," akasema.

"Harusi ya nani?"

"Hakuna harusi."

Akakaa. Akavua saa, akaikunja mikono ya buibui. Nikamwambia, mwanangu nieleze kwanza.

Akasema: "Siku ile uliponishikia mdomoni kama unamlisha mtoto, niliona aibu sijapata kuona. Usiku ule sikuvuta. Asubuhi nikavuta. Nimejaribu kuacha mara nyingi, nashindwa. Mkono unakwenda wenyewe, nnashtukia nshavuta. Sasa nataka unipake, na usinishikie. Hata nikikuomba vipi, usinishikie."

Wakuu, nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana. Sijawahi kuombwa hina ya namna ile.

Nikampaka.

Nilitumia hina ya majani tu, ya kusaga. Piko jeusi lile la dawa sikuligusa, lile linaunguza ngozi ukilirudia rudia. Na nilichora pole pole, maua madogo madogo, ili wakati uende. Mkoba wake tukauweka juu ya kabati.

Akakaa mpaka hina ikakauka. Aliomba kidude mara mbili. Nikamkatalia mara mbili. Alipoondoka kulikuwa kunakaribia magharibi, uso umemparama kama mtu aliyetoka kwenye homa, lakini anatabasamu.

Ikawa ndiyo desturi. Alasiri, akitoka chuoni, anapitia kwangu. Siku nyingine kila siku, siku nyingine anaruka. Sikumtoza kitu. Nilikuwa nnachora juu ya michoro ya zamani, nnafuata mistari ile ile, mpaka viganja vyake vikawa vyekundu kama vimechovywa.

Na tunaongea. Mtu akishafungwa mikono, hana simu ya kushika, hana pa kukimbilia, huongea.

Akanieleza alivyoanza. Alipelekwa Paje kwa mafunzo ya vitendo, kwenye hoteli moja ya pale wanaporusha yale maparachuti ya baharini. Aliwekwa chumba cha wafanyakazi pamoja na wasichana asiowajua. Hakuna anayemsemesha. Wakati wa mapumziko anakula peke yake nyuma ya jiko.

"Lakini wale wanaovuta," akasema, "walikuwa wanatoka nje pamoja. Wanasimama kwenye kivuli, wanacheka. Siku moja msichana mmoja akanambia njoo, hii ni tunda tu, haina tumbaku. Nikaenda. Sikuutaka ule moshi, Da Ruki. Nilitaka pa kusimama."

Maneno hayo yalinikaa. Mara ngapi tunamuona kijana anavuta tunasema kaharibika, hatuulizi pale anapovutia kuna nani na kule alikotoka kulikuwa na nani.

Alipomaliza mafunzo wale marafiki wakabaki Paje. Vape akarudi nayo mjini.

Sasa msidhani ilikuwa ni maua na hadithi. Kuna siku alikuja ana hasira za kutafuta mtu. Nimempaka nusu akaanza kunisema, oh unanichelewesha kusudi, oh unajifanya mama yangu. Nikaendelea kuchora. Akasema, "Nipe mkoba wangu." Nikamwambia hapana.

Akainuka, akaparamia kiti, akautoa mkoba juu ya kabati kwa mikono ile ile mibichi. Hina ikasambaa kwenye mkoba, kwenye buibui, kwenye mlango wa kabati langu. Akavuta amesimama pale pale, macho yamenikodolea. Kidude chenyewe kikabadilika rangi kwa alama za vidole.

Kisha akatazama mikono yake, ile kazi yote imekuwa tope tupu. Akakaa chini sakafuni akasema, "Mie mtu mbaya."

Nikachukua kitambaa na maji nikamwosha. Kidole kimoja kimoja, wakuu. Nilimwosha tu.

Siku ya pili yake nikaenda kumuona nesi mmoja wa kituo cha afya, ambaye nilimpaka siku ya harusi yake. Sikumtaja binti. Nikamuuliza, mtu akitaka kuacha kitu hiki anafanyaje?

Akanambia maneno ambayo nayaandika hapa labda yatamfaa mtu. Akasema hamu ile haikai. Inapanda, inafika juu kabisa, kisha inashuka yenyewe, na kazi yako ni kumshika mwenzio mpaka ishuke. Anywe maji, atembee, atafune kitu, aongee. Akasema hasira na kuumwa kichwa na kukosa usingizi ni mwili unalia, vitapungua. Na akasema akiteleza usimtukane, maana ukimtukana atakwenda kuvuta kwa uchungu, na mara hii atajificha na wewe pia.

"Mlete nimuone," akasema. "Nitamsaidia vizuri zaidi."

"Hawezi kuja. Atajulikana."

Nesi akatikisa kichwa. "Wote wananambia hivyo. Wanaume wanakuja kidogo. Wasichana hawaji kabisa."

Samahani wakuu, nilikatishwa, kuna mteja alikuwa mlangoni. Naendelea.

Na mkuu uliyeandika hapo juu kwamba hii ni chai, eti nnatunga, sawa, kunywa. Mie sina cha kuuza kwenye uzi huu.

Tukaendelea hivyo, na nikaona mabadiliko. Miguu ikaanza kutulia. Akaacha kutoa jasho. Kuna siku alikaa muda wote bila hata kuutaja mkoba, akagundua mwenyewe wakati wa kuondoka, akapiga kelele za furaha kama mtoto aliyepasi mtihani.

Na mie, nitasema ukweli, nilibadilika pia. Nilianza kupika kitu cha alasiri. Mkate wa kumimina, siku nyingine kaimati. Nilikuwa nnamlisha mwenyewe maana mikono yake haifai. Redio ambayo tangu mama aondoke ilikuwa inasema kutwa nzima, nikawa nnaizima ikikaribia saa kumi.

Kisha likaja tatizo ambalo hatukulifikiria.

Kwetu msichana ambaye hajaolewa kupaka hina siku ya sikukuu au harusi ya mwenzake hakuna neno. Lakini mikono myekundu wiki hadi wiki, rangi haijafifia imeshawekwa nyingine, watu wanaanza kuhesabu. Nani anampambia? Kwa ajili ya nani?

Alasiri moja mlango ukabishwa, nikafungua nnatabasamu, nnadhani Ilham. Ni Bi Salma.

"Shikamoo Bi Salma."

"Marahaba." Hakunitazama. Akaingia akasimama katikati ya chumba, akaangalia koni zangu, mito yangu, ile meza yenye sahani mbili.

"Wewe ndiye unayempaka mwanangu?"

"Ndiye mie."

"Harusi ya nani?"

Nikainama nikaanza kuzikusanya koni.

"Jirani yangu kaniuliza lini tulimuozesha Ilham kimya kimya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na nadhani angepiga kelele ningeogopa kidogo. "Mbele ya wazee wa watoto nnaowasomesha. Nimemuuliza mwenyewe, ananambia anapenda maua tu. Sasa nakuuliza wewe mwanamke mwenzangu, na utanambia kweli. Kuna mwanamme?"

"Hakuna mwanamme, wallahi."

"Basi anapambwa kwa sababu gani?"

Wakuu, hapo ndipo nilipobanwa. Nikisema vape, nimevunja ahadi, na binti atarudi nyumbani akutane na moto asioujua umewashwa na nani. Nisiposema kitu, anabaki na jina la kuwa na mwanamme wa siri, na jina hilo kwetu halimtoki msichana kwa sabuni.

Nikatafuta la kusema. Nikasema hili.

"Ni mie nnayemwita. Tangu mama afariki nyumba hii haina mtu. Wateja wanakuja, lakini mteja anakuja na mkono wake, akishapakwa anaondoka nao. Mwanao ananisikiliza. Nnampaka ili asiondoke mapema. Hina ikiwa mbichi mtu hawezi kwenda popote."

Nilianza kusema nikijua nnadanganya. Nilipofika katikati, sikuwa nnadanganya tena. Nilikuwa sijawahi kulisema lile kwa mtu yeyote, wala kwa nafsi yangu, na nimelisema mbele ya mwanamke aliyekuja kunigombeza.

Bi Salma akakaa. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Pole, mwanangu," akasema. Na alimaanisha.

Kisha akasema, "Lakini mtoto wa watu si dawa ya upweke wako. Asije tena hapa."

Akaondoka. Sahani mbili zikabaki mezani. Nikala ya kwangu, ya pili nikaifunika.

Ilham hakuja tena. Simu alikuwa nayo, akawa ananitumia meseji.

"Da Ruki nimevuta."

Nikamjibu, "Sijakasirika. Kunywa maji, toka ukatembee mpaka barabarani, urudi."

Kesho yake, "Nimevuta tena."

Nikajibu yale yale. Lakini nitamshika vipi mtu kwa meseji? Mie mkono wangu uko Sokomuhogo na yeye yuko Mbweni amejifungia chooni.

Baadaye meseji zikasita. Nikiandika, hajibu.

Nilikaa na mambo mawili. La kwanza, nilimuogopea yeye. La pili ni aibu kuliandika lakini niliahidi ukweli. Niliukosa ule mlango kubishwa. Ikifika saa kumi nilikuwa nnatega sikio. Akipita mtu uchochoroni viatu vinalia, nnanyanyua kichwa. Nikaiwasha redio tena, na kila aliyesema ndani yake nilimuona mjinga.

Nikawaza pengine Bi Salma kasema kweli. Pengine nilikuwa nnamsaidia kwa ajili yangu. Nililifikiria sana. Nikaona hata kama ni hivyo, basi yeye alikuwa anapungukiwa na mie nilikuwa nnapungukiwa, na tulipokaa pamoja kila mmoja alipata kidogo. Sioni dhambi yake iko wapi. Lakini mtoto si wangu, na mwenye mtoto kashasema.

Kisha asubuhi moja ya Jumamosi nasikia hodi. Nafungua. Bi Salma, na nyuma yake Ilham.

Wakakaa wote wawili. Ilham amekonda. Mikono yake rangi imeanza kumtoka, imebaki mabaka ya machungwa.

Bi Salma akaanza. "Nilikuwa nnaongea na mdogo wangu, mama yake huyu, kwa simu. Nnamwelezea habari zako. Nikasema kuna mwanamke mpweke kule mjini anawavuta watoto wa watu nyumbani kwake, Mungu anajua ana nia gani. Huyu alikuwa jikoni. Akatoka. Akaniwekea kidude mezani. Mie nikadhani rangi ya mdomo."

Ilham akasema kwa sauti ndogo, "Sikuweza kukusikia ukisemwa vile, Da Ruki."

Hapo nilishindwa kumtazama yeyote kati yao.

"Ulikuwa unajua?" Bi Salma akaniuliza.

"Nilikuwa nnajua."

"Na nilipokuja hapa nikakuuliza, ukanambia habari za upweke."

"Na hizo zilikuwa kweli, Bi Salma."

"Kwa nini hukunambia? Mie ndiye niliyeachiwa mtoto."

"Kwa sababu aliniomba nisiseme. Na niliogopa utamfungia ndani, halafu asiache, ajifiche tu."

Akasema, "Ningemfungia ndani. Hilo kweli." Kisha akasema, "Lakini hukuwa na haki."

Mpaka leo hilo sina jawabu lake. Nikiwa nnapiga mswaki nasema nilikuwa na haki, nikiwa nnalala nasema sikuwa nayo. Nyinyi wenye watoto mtasema.

Ila alifanya jambo moja ambalo sikulitegemea kwa mwanamke wa umri wake na msimamo wake. Akaniuliza, "Sasa ulikuwa unafanya nini na yeye hapa? Nieleze kila kitu."

Nikamweleza. Hina, maji, kuongea, kutomtukana. Nikampa jina la yule nesi na nikamwambia waende mchana, wakati watu wamepungua. Ilham akawa anaongezea. Bi Salma alisikiliza kama anajifunza aya mpya, anarudia maneno kwa midomo bila sauti.

Walipokuwa wanaondoka nikauliza, "Aje kupakwa?"

Bi Salma akatikisa kichwa, lakini kwa upole. "Watu washasema sana kuhusu mikono yake. Nitakaa naye mwenyewe."

Na akakaa naye. Niliyajua haya kwa simu za Ilham. Mamkubwa wake anapika chapati za kuwalisha watoto wa madrasa, basi ikawa alasiri anamwita jikoni, "Njoo ukande unga." Anamtilia unga mwingi kusudi. Mikono imejaa unga mpaka kwenye kiwiko, hamu inapanda, inafika juu, inashuka. Na wanaongea. Alinambia mamkubwa alimweleza mambo ya ujana wake ambayo hata mama yake mzazi hayajui.

Kwa nesi walikwenda. Kwa mama yake Muscat walisema wote wawili, simu moja, mama akalia, kisha akaanza kupiga kila siku badala ya mwisho wa wiki.

Aliteleza mara moja. Wale wasichana wa Paje walimwita kwenye sherehe, akaenda, akavuta. Lakini aliporudi alimwambia mamkubwa wake kabla hajavua viatu. Mamkubwa akamwambia, "Haya, nawa mikono, unga uko wapi." Basi.

Tangu hapo hajavuta. Ni muda mrefu sasa.

Mwanzoni alikuwa ananipigia kila siku. Kisha siku moja moja. Anakwenda chuo, amepata marafiki wa kusoma nao, nyumbani ana wa kuongea naye. Sikukuu iliyopita alinitumia meseji: "Da Ruki, leo nimepita mahali mtu anavuta ile ya embe, harufu imenichefua. Nikakukumbuka."

Niliisoma meseji ile mara nyingi. Nilifurahi, wakuu, nilifurahi kikweli, nikasujudu nikashukuru. Halafu nikakaa kwenye kile chumba changu cha chini, nimemaliza kupaka wateja wote wa sikukuu, mito imetapakaa, na sikuwa na mtu wa kumhadithia. Ndiyo sababu nnawahadithia nyinyi.

Nilichojifunza nitakisema kwa kifupi.

Kijana akiwa kwenye vape au sigara, usianze na mapafu. Mapafu anayajua, ameshayasoma kwenye simu yake kuliko wewe. Muulize huwa anavuta na nani, na asipovuta huwa na nani. Ukisikia jawabu la pili ni hakuna, hapo umeupata mlango.

Wazazi na mamkubwa, Bi Salma alikuwa na hasira zote za dunia na bado aliweza kuuliza "nieleze mlikuwa mnafanyaje". Swali lile lilimsaidia yule binti kuliko mie.

Na wewe kijana unayesoma hapa umejificha mahali na kidude chako, nesi hatokung'ata. Mtafute hata mtu mmoja umwambie. Hata mpakaji wa hina kama mie.

Sasa nawaachia uwanja. Wenye maoni kuhusu kuficha siri ya mtoto wa mwenzio, nisuteni tu, nitasoma yote, nina nafasi.

Lakini nina swali moja, na hili naomba majibu ya kweli kutoka kwa waliopitia. Wewe uliyewahi kumsaidia mtu mpaka akapona, akaenda zake kama inavyotakiwa, akawa hakuhitaji tena: zile saa alizokuwa akija kwako, wewe baadaye ulizifanyia nini?